Moto Palipokuwa na Daraja

9 Februari

Kaka yangu wa pekee,

Shikamoo, na uipokee hata kama mikono yako imejaa unga wa mbao.

Huku sote wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia aende kwa daktari anasema daktari mwenyewe anakohoa. Shangazi bado anahukumu dunia nzima akiwa kwenye kiti chake cha jikoni. Na mimi, kaka, nimeolewa! Najua unajua, ila napenda tu kuliandika. Nimeolewa, nimeolewa, nimeolewa. Miezi miwili sasa, na bado nikisikia mtu akiniita mke wa fulani nageuka nyuma kumtafuta huyo mke.

Shemeji yako anakusalimu sana. Mtaani wanamwita Barafu kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza majokofu, lakini huyu mtu ni joto tupu. Asubuhi anafungua pazia kidogo kidogo ili mwanga usinishtue. Nikirudi kutoka karakana na vidole vimechoka kwa kushona sare za shule, anavikanda kimoja kimoja huku akinisimulia jokofu la leo lilikuwa na tatizo gani, kama daktari anayesimulia wagonjwa wake. Nampenda mpaka nacheka peke yangu kwenye cherehani, na wenzangu wamenichoka.

Hukuja harusini. Sitasema zaidi. Kwenye picha ya familia mpiga picha alitaka tusogeane, nikakataa. Nafasi yako ipo, kati yangu na Baba, pana kama mabega yako. Ukuta tu unaonekana.

Sasa jambo lenyewe. Kaka, Mito Saba imefunguliwa!

Walivyoufunga ule mchezo kwa muda mrefu hivyo, nilidhani umekufa moja kwa moja. Barafu ametengeneza kompyuta kuukuu ya mteja aliyeitelekeza, na usajili wetu bado upo. Wanasema wamebadilisha karibu kila kitu. Mimi sijali. Nakumbuka mwaka ule Mama amelazwa, Baba akituacha kwenye duka la kompyuta mkabala na hospitali ili tusimwone akilia. Wewe ukiwa Ngao, mshika ngao, mbele. Mimi Kijiko, mganga, nyuma yako, nakutibu majeraha. Hakuna kilichonigusa mwaka ule wote. Ndani ya mchezo, namaanisha.

Unakumbuka sheria yetu? Hakuna kuvuka daraja la mawe peke yako. Anayefika kwanza anakoka moto pembeni na kumsubiri mwenzake. Yule wa pili akifika anaambiwa, "Umechelewa!" naye anajibu, "Daraja limekimbia?"

Siku moja kabla hujaondoka kwenda kazini huko uliko ulimwacha Ngao pale pale darajani, ukaniambia nikusubiri. Basi nitakuwa pale kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Njoo, kaka. Nataka Barafu akuone ukiwa mbele.

Na kama ilivyo kwetu, usinijibu kwa simu. Baba amepanga barua za watu posta maisha yake yote, na nyumbani simu ni ya kuuliza umefika salama. Mengine yanaandikwa.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Kijiko

—

2 Machi

Kijiko,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umefurahi. Mwambie Baba akohoe taratibu.

Usishangae kuona barua imechapwa. Nimehamishwa kutoka kwenye misumeno, sasa nipo stoo, napokea na kutoa vifaa. Wamenipa kompyuta, nami nafanya mazoezi. Stoo ni pazuri. Kuna dirisha. Naona magogo yakiingia upande mmoja na mbao zikitoka upande wa pili, wala sisikii kelele sana.

Harusini sikuja kwa sababu ya mambo ya kazini. Ningeweza kuja ningekuja. Shemeji nimemwona kwenye picha, ana uso wa mtu anayejibu anapoulizwa. Sina neno naye.

Kuhusu mchezo, hapana. Mimi ni mtu mzima sasa. Halafu nimesoma wanavyosema kuhusu mabadiliko. Eti ngao sasa lazima uishike wakati wote kwa mkono mmoja huku mwingine unageuza na kupiga. Zamani ulikuwa unasimama tu. Hiyo siyo Mito Saba niliyoijua.

Mwache Ngao apumzike. Alifanya kazi yake.

Wewe cheza. Una mtu wa kusimama mbele yako sasa.

Kaka yako

—

21 Machi

Kaka,

Shikamoo ya mtu aliyenuna. Barua yako imechapwa kama ya kukatiwa maji. Nimeigeuza nyuma kutafuta hata kijistari cha kalamu, hakuna. Hata jina lako umelipiga na mashine! Lakini Baba aliichukua akasema anwani imeandikwa kwa utaratibu, na kwa Baba hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Yeye kikohozi kimepungua. Shangazi anasema wewe una kinyongo na ndoa yangu, kwamba hukupenda niolewe kabla yako, au niolewe na fundi wa majokofu. Nimemwambia anyamaze, naye hakunyamaza. Umesema huna neno. Nimeamini. Nimeamini kidogo.

Acha nikusimulie Mito Saba, hata kama hutaki.

Niliingia Jumapili ya kwanza moyo ukinidunda kama siku ya harusi, Barafu amekaa karibu yangu na kiti chake cha plastiki. Kaka, sikutambua kitu. Wametia mafuriko ndani ya hadithi. Soko letu lipo chini ya maji, unaona mapaa tu. Watu wote wamehamia mlimani. Nilitembea kuelekea darajani kwa kukisia, na nilipofika palikuwa na kingo mbili za mto na hewa katikati. Nikaanza kulia. Barafu akaniuliza, "Ni mchezo wenyewe umeharibika au ni wewe?" Nikamwambia sote wawili.

Kisha nikamwona Ngao.

Wale ambao wenyewe hawajarudi wamegeuzwa sanamu za mawe, kila mmoja pale alipoachwa. Njia nzima ya mlimani imejaa sanamu. Ngao amesimama ukingoni, ngao mbele, anautazama mto. Ameota kuvu. Begani ndege wamejenga kiota, na ukikaa kimya unawasikia. Nilikaa miguuni pake mpaka chai ikapoa. Nikimtibu hainiruhusu, inaandika tu: mwenyewe hayupo.

Ila nisikuhuzunishe bure, kuna kichekesho. Jumapili moja ya mwezi huu akaja mgeni mmoja, mwanagenzi kabisa, jina lake Kobe. Na jina limemkaa! Anatembea hatua moja anasimama, anageuka, anasimama. Tulivamiwa na fisi mmoja, fisi wa kufundishia watoto, naye akashindwa kumpiga. Barafu alicheka mpaka kiti kikapasuka. Nikamwandikia Kobe, "Mzee, tumia na mkono wa pili basi!" Eti baadaye akakoka moto karibu na sanamu yako, mchana kweupe, akakaa hapo. Nikasema, "Huyu mzee anasikia baridi." Kisha akatoka, na hajarudi tena.

Ungekuwepo ungemfundisha. Wewe ulikuwa na uvumilivu na watu wa namna hiyo.

Kaka, nijibu jambo moja tu, na kwa kalamu. Hukuja kwa sababu ya mume wangu?

Kijiko

—

12 Mei

Kaka,

Salamu kutoka kwa wote. Baba mzima, Shangazi mzima. Barafu mzima, na bado ni yule yule, ila siku hizi sikuandikii habari zake nyingi, kwa kuogopa kwamba ndizo zilizokuchosha.

Aprili yote imepita bila barua yako. Ujumbe wa simu unajibu "nipo salama" na hapo hapo umemaliza. Baba anashinda dirishani saa ambayo tarishi hupita. Tarishi akipita bila kusimama, Baba anasema yule kijana anakanyaga baiskeli vibaya.

Mimi naendelea kwenda kwa Ngao Jumapili. Barafu huniacha peke yangu siku hizo, anakwenda kuosha vyombo na kuvigonganisha makusudi ili nijue yupo.

Wenye mchezo wametoa tangazo. Mwisho wa Juni sanamu zote za wasiorudi zitavunjwa, mawe yajenge daraja jipya. Najua ni mchezo. Najua mimi ni mke wa mtu na nina kazi, na kuna watu wenye shida za kweli. Lakini nilipolisoma nilijisikia kama tumeambiwa tuhamishe kaburi.

Kama tatizo ni mume wangu, niambie. Nitaumia, lakini nitajua nimeshika nini mkononi. Hivi sasa sijui hata nikuombe msamaha kwa lipi. Jana nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, na msimamizi akaniuliza, "Huyu mwanafunzi ana umbo gani?" Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe.

Mdogo wako

—

30 Mei

Kijiko,

Umetaka kalamu. Hii hapa. Herufi zinaanguka kama walevi, na ukurasa huu umenichukua tangu asubuhi. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia sina.

Ilikuwa mwezi mmoja na kidogo kabla ya harusi yako. Gogo lilikwama, nami nikafanya kile ambacho nilikuwa nawakataza wenzangu kila siku, nikalisukuma kwa mkono. Sikusikia maumivu kwanza. Niliona tu mashine imezimwa na watu wote wananitazama mimi. Kiwanda kilinitunza vizuri, stoo ni kweli, dirisha ni kweli. Nilikudanganya kwa kutosema tu.

Harusini nilikuja. Nilifika stendi. Nilikuwa na shati jeupe jipya, la mikono mirefu, nikidhani nitauficha huu mwisho wa mkono ndani yake. Vifungo vya kifuani nilivifunga vyote, nikajisifu. Kikabaki kimoja, cha mkono wa kushoto. Wewe ni mshonaji, fikiria. Kifungo cha mkono wa kushoto hufungwa na mkono wa kulia. Nilijaribu kwa meno. Nilijaribu kwa kukisugua kwenye ubao wa kiti. Basi likaja, watu wakapanda. Yeyote pale angenifungia, kuna mama alikuwa amekaa karibu kabisa, mwenye sura ya upole. Sikuomba. Basi likaondoka.

Niliona nikifika hivyo, Baba ataniona kwanza mkono, na Shangazi ataanza kulia kwa sauti yake ile, na wewe utaacha ngoma kuja kunishika. Sikutaka siku yako iwe siku ya mkono wangu.

Mume wako hana kosa lolote. Mwambie hivyo kwa maneno haya haya.

Kobe ni mimi.

Uliposema utakuwa darajani kila Jumapili, nilikataa kwa barua halafu nikashindwa kukataa kwa miguu. Nilikwenda duka la kompyuta nikajisajili upya, kwa sababu ningeingia kama Ngao sanamu ingeamka nawe ungeniona nikishindwa na fisi. Nilitaka kukaa karibu tu. Uliponiandikia nitumie na mkono wa pili, nilicheka, Kijiko. Kweli nilicheka kwa sauti, mpaka mwenye duka akanitazama. Halafu nikalipa nikatoka, na sikuweza kurudi.

Sikukasirika. Usijitese kwa hilo. Lakini Ngao mwache wamvunje. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele yako, na kwa kazi hiyo hafai tena. Bora awe daraja.

Baba usimwambie bado.

Kaka

—

15 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikianza naandika kama mimi wa zamani, na mimi wa zamani ana kelele.

Barua yako niliisoma karakana, saa ya chakula, wenzangu wametoka. Nilipomaliza nilivaa shati moja kati ya yale ya kukaguliwa, nikaficha mkono wa kulia mgongoni, nikajaribu. Nilijaribu mpaka wenzangu wakarudi. Kaka, haifungiki.

Moto. Ulikoka moto mbele ya macho yangu, palipokuwa na daraja letu, nami nikasema mzee anasikia baridi. Sheria tuliyoitunga sisi wawili! Umeniambia nisijitese, basi nitasema mara moja tu. Nisamehe kwa kicheko kile. Nisamehe na kwa kumsikiliza Shangazi.

Nilimpa Barafu barua yako. Aliisoma amesimama, akaikunja kwa mistari yake ile ile, akatoka nje kukaa na majokofu yake. Nilidhani analia. Aliporudi akaniuliza, "Kaka yako ana kipanya cha kompyuta cha namna gani?" Nikamwambia, "Mume wangu, ndicho ulichokuwa unakifikiria?" Akasema, "Sasa nifikirie nini? Mkono siwezi kuurudisha." Mimi nimeolewa na mtu wa hivyo, kaka, na sasa hivi nampenda kuliko siku ya harusi.

Ndani ya bahasha kuna mchoro wake. Kumbe katika toleo jipya unaweza kuhamisha vitufe vyote upande mmoja wa kibodi. Ameuchora mkono wako wa kushoto na kila kidole kazi yake. Amefufua kompyuta nyingine ili naye aingie, akajaribu mwenyewe siku kadhaa, mkono wa kulia ameukalia. Fisi amemng'ata sana.

Tena kuna kazi mpya kwenye mchezo, mbeba taa. Chini ya mlima wamefungua mapango, na humo hakuna anayeona zaidi ya pale mwanga wa taa unapofika. Kundi zima linatembea kwa mwendo wa mbeba taa, na asiyetaka kusubiri anaanguka shimoni. Tumeshaanguka sana. Yeyote anaweza kubadili kazi yake, hata wa zamani. Hata aliyekuwa sanamu.

Unasema Ngao hafai kusimama mbele yangu. Mimi sitaki tena mtu wa mbele. Mwaka ule wa Mama nilikuwa mtoto. Nataka kaka.

Na kuna kifurushi kinakuja peke yake, usikibane na vitu. Ni shati jeupe. Pindo la mkono wa kushoto nimetia mpira kwa ndani, linapita kwenye kiganja lenyewe. Kifungo kipo, kinang'aa, lakini ni pambo. Mkono wa kulia nimeukata kwa kukisia na kuupinda vizuri, hauning'inii. Sikuficha kitu, na wewe usifiche.

Baba sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, ila usimwache dirishani muda mrefu.

Jumapili ya mwisho ya Juni, baada ya chakula cha mchana, nitakoka moto.

Kijiko

—

6 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu kwa shemeji. Mwambie kidole cha mwisho alikipa kazi nyingi mno, nimekipunguzia.

Uliyaona yote, lakini wewe ulikuwa nje ya jiwe. Acha nikueleze kutoka ndani. Nilipoingia skrini ilikuwa nyeusi, nikasikia ndege kwanza. Kisha kuvu likaanza kudondoka mbele ya macho, na nyuma yake ukaja mwanga wa moto, na nyuma ya moto ninyi wawili mmekaa kama watu wa msibani. Ndege waliruka wote pamoja. Kijiko, tangu uzaliwe sijawahi kukuona umenyamaza kiasi kile.

Halafu ukaandika, "Umechelewa!"

Nilitafuta herufi moja moja kwa ule mchoro. Ulinisubiri, nikaandika, "Na daraja limekimbia kweli."

Mwenye duka hakunitazama safari hii. Nafikiri alijua atazame pembeni.

Ngao yenyewe nimeirudisha kwa yule mzee wa mlimani anayebadilisha kazi, nikachukua taa. Shemeji ana haraka, alianguka shimoni mara ngapi? Atazoea. Wewe ulikuwa unatembea karibu nami, nyuma kidogo, kama zamani, mpaka pale pango lilipopanuka ukaja ubavuni. Niliona. Sikusema kitu kwa sababu kuandika kunanichukua muda.

Baba nilimwandikia wiki ile ile ya barua yako, kwa mkono huu huu. Nilimweleza yote, kurasa mbili. Jibu lake limekuja juzi. Anasema, "Mwandiko mbaya sana, ila anwani inasomeka. Njoo nyumbani." Chini yake kuna doa, wino umesambaa. Baba hajawahi kupeleka barua yenye doa.

Nimeomba ruhusa. Nitafika Jumamosi kwa basi la mchana. Shangazi mwambie alie kabla sijafika, amalize. Na yule mpiga picha, kama bado yupo, mwambie ukuta utafunikwa.

Shati limenikaa. Nimelivaa leo asubuhi bila kumwita mtu.

Kaka yako